Mji wa lava, na bado tunatengeneza mawe: siku moja kazini Goma

Saa 12 asubuhi. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, imeshusha bidoni 6 za maji, lita 20 kila moja. Swali la wapita njia ni lilelile: Goma nzima imekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, jiwe la kutengeneza la nini? Jiwe la lava ni zito, lina makali, na halina mahali pa kupandia ua. Letu, la kupamba bustani, lina uwazi ndani, watu wawili wanalibeba, na chini lina tundu la kutolea maji.

Saa 1. Vijiwe vya volkano, vile vyepesi vyenye matundu, vinachekechwa kwa wavu wa milimita 10. Ndoo 2 za vijiwe, 1 ya mchanga, 1 ya sima, yaani saruji. Tunachanganya vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo maji yaingie kidogo kidogo. Finya konzi moja: ikishikana na kudondosha matone mawili matatu, inatosha. Maji yakizidi, jiwe linakuwa dhaifu. Wengine huongeza vumbi la mbao. Likiwa bichi, sukari yake inazuia sima isishike na kingo zinabomoka mkononi. Glavu ni lazima, sima mbichi inachoma ngozi.

Saa 3, kalibu. Kuchimba shimo hapa haiwezekani, chini ni mwamba. Tunajaza mchanga wenye unyevu kwenye fremu ya mbao, tunachonga umbo kwa mikono, tunatandika plastiki iliyokunjamana, maana mikunjo ndiyo inayobaki kama mistari ya jiwe. Mchanganyiko sentimita 5, wavu wa banda la kuku katikati.

Saa 5 na nusu mwenye parseli, kiwanja tunachofanyia kazi, anafunua mawe ya juzi.

"Fundi, haya bado mabichi. Yatoe juani yakauke."

"Mama, tuyaache chini ya shitingi, hili turubai."

"Mpaka lini? Nina wageni Jumamosi."

"Siku 28, Mama."

Kazi inasimama. Sima haikauki kama tofali la udongo, inakomaa kwa maji. Jua na upepo wa Ziwa Kivu vikiyanyonya mapema, uso unapata nyufa nyembamba kama nywele, na mvua zikianza unamenyuka vipande vipande. Anaondoka, anarudi, anauliza kama moto wa makaa utaharakisha. Hapana. Anarudi tena na jirani yake. Tunamwonyesha jiwe la siku ya pili: ukucha bado unalikwaruza, na huo ndio muda pekee wa kulisugua kwa brashi ya waya ili kingo zipoteze sura ya kalibu. Kesho litakuwa gumu mno. Hata baada ya siku 28 tunaliosha kwa maji mengi, siku kadhaa, kwa sababu chokaa iliyobaki inaunguza mizizi. Mwishowe anakubali, lakini saa nzima imekwisha.

Mchana ni kupanga mawe yaliyokomaa. Magunia yanaziba nyufa za lava, la sivyo udongo ulionunuliwa unazama wote. Theluthi ya kila jiwe inafukiwa, mgongo ukilalia nyuma ili mvua iende kwenye mizizi, mistari yote ikielekea upande mmoja. Mistari ikipishana, macho yanajua mara moja kwamba ni rundo. Udongo unashindiliwa kwa mti chini ya kila jiwe. Mgongo unauma, hakuna anayetazama saa tena. Alovera na kalanchoe zinaingia mwisho.

Giza likikaribia, mawe mabichi yananyunyiziwa, shitingi inarudishwa, na vipande vinne vya lava vinawekwa kwenye pembe zake upepo usiifunue.