Siku moja mezani kwa mhesabu vifo

Nikisema nafanya kazi ya takwimu za afya za taifa, watu hudhani nabonyeza kitufe na kompyuta inatema idadi. Hebu nifuateni siku moja ya msimu wa mafua.

Saa 1:30 asubuhi. Ripoti za wiki kutoka vituo vya afya: nani ametuma, nani wa kusukumwa. Nasukuma.

Saa 2:30. Vyeti vya vifo. Vingi programu inavipa yenyewe msimbo, yaani herufi na namba za sababu ya kifo, kwa kufuata uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani. Vinavyoishinda vinakuja kwangu. Daktari anatakiwa kuandika mlolongo: juu kilichomuua mtu moja kwa moja, chini kilichoanzisha yote. Tunachohesabu ni kile cha chini. Cheti cha kwanza leo kina maneno mawili: "moyo kusimama". Jamani, nani amewahi kufa moyo ukiendelea kupiga? Naweka msimbo wake, I46.9, na taifa halijajua la kuzuia. Cha pili ni nimonia ya mzee, kisukari pembeni. Ilianzia kwenye mafua? Hakupimwa, daktari hakuyataja, basi inabaki nimonia. Ndiyo maana vyeti havioneshi vifo vyote vya mafua, nasi tunaangalia pia vifo vya ziada, yaani vifo vya sababu zote vilivyozidi vile tulivyotarajia kwa kipindi kama hiki.

Kinachofuata, umri: siku tatu. Hapo huwa nainuka kidogo, halafu narudi.

Saa 4, kikao. Kimepita.

Saa 5 simu inalia. Mwandishi wa habari. "Dada, idadi ya wiki ile mmeibadilisha. Mnaficha nini?" Namweleza kwamba tunapanga vifo kwa tarehe mtu aliyofariki, si tarehe karatasi ilipotufikia. Vyeti vingine huchelewa, na kifo kinachohitaji uchunguzi kinaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo wiki za karibuni huonekana kama vifo vimepungua, kisha zinajaa. "Kwa hiyo mlikosea?" Hapana, kaka. Naanza upya.

Akahamia kwenye chanjo. Mbona wengi waliokufa walikuwa wamechanjwa? Nikamwambia achukue kalamu. Tuseme wazee ni 1,000, waliochanjwa 900, wasiochanjwa 100. Wakifa 18 kati ya waliochanjwa na 5 kati ya wasiochanjwa, hiyo ni asilimia 2 dhidi ya asilimia 5. Kimya. Kisha: "Lakini 18 si zaidi ya 5?" Ni zaidi, kaka. Nikarudia, safari hii polepole, nikianzia na wale 900. Sijui saa ilikuwa ngapi tulipoagana, ila chakula cha mchana kilikuwa kimeshanipita.

Alasiri ikaliwa na surua. Wilaya moja imeripoti kuchanja zaidi ya asilimia 100 ya walengwa. Si miujiza: ama makadirio ya watoto ni ya sensa iliyochakaa, ama watoto wa jirani wanavuka kuja kuchanjwa. Mwenzangu akashauri tuikate iwe 100, ipendeze. Nikakataa, maana ukiikata unaficha hitilafu. Na surua haijali wastani wa taifa. Inahitaji karibu asilimia 95 wawe na kinga, tena kila mahali, kwani ikipata kata moja ya watoto wasiochanjwa inatosha kuwalaza wengi.

Macho yanawaka sasa. Ripoti ya wiki lazima itoke, na mkuu anataka niondoe maneno "takwimu za awali, zinaweza kubadilika" kwa sababu yanachafua grafu. Tumebishana hadi ofisi ikabaki yetu wawili. Maneno yamebaki, madogo, na wiki mbili za mwisho nimezipaka rangi ya kijivu ili mtu asizitegemee mno.

Ripoti imetoka. Yule mwandishi ameshatuma ujumbe: "Dada, na hizi za kijivu mnaficha nini?"