Jinsi tulivyofufua daftari la Mama Manka

Ule moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020 sisi wa huku Himo tuliuona usiku kwa macho, umezunguka mlimani kama mkufu mwekundu, na dunia nzima ikauzungumza. Wa kwetu ulikuwa wa nyikani. Mtu mmoja alichoma mabua shambani saa nane mchana, upepo unavuma, nyasi zimekauka kama karatasi. Kufika saa kumi vibanda 14 vya senta yetu kwenye njia ya Holili vilikuwa majivu. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Hata redioni hatukutajwa.

Steshenari yangu ilipona kwa sababu iko ng'ambo ya lami. Basi nikawa mwenyekiti wa kamati bila kupigiwa kura, maana nina kompyuta, mashine ya fotokopi na mdomo.

Ushauri tuliletewa kwa magunia. Binamu yangu wa Dar alisema tuandike andiko la kuomba ufadhili. Wakaja vijana wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonga, fulana mpya, wakawaahidi akina mama fedha ndani ya saa moja huku wamesimama juu ya majivu yao. Niliwafukuza. Akina mama wawili wakawafuata nyuma ya kijiwe cha bodaboda wakakopa, na mpaka leo wakiniona wanavuka barabara. Mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, ila lazima muwe kikundi kilichosajiliwa, na karatasi zetu zote ndizo zilizoungua. Kama mna kikundi, wekeni nakala ya katiba kwa mtu anayekaa mbali na senta.

Halafu kuna mabati. Fundi mmoja alisema tuyanyooshe yaleyale, "bati ni bati." Nilimuunga mkono, tena kwa hotuba. Tukapiga nyundo siku tatu, tukaokoa kama laki nne na ushee. Bati likishapita motoni ile zinki yake imekwenda, na hilo sikulijua. Vuli ilipoanza, mapaa yakageuka rangi ya chai, maji yakapenya kwenye matundu ya misumari ya zamani, moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa sukari wa Mama Manka mwenye duka, kilo 50, sukari ya mkopo. Aliniita nije nione. Hakusema neno. Nilimlipa nusu.

Lakini sukari haikumliza. Kilichomliza ni kaunta buku lake. Duka la kijijini linaishi kwa kukopesha. Watu wanachukua unga na mafuta, wanaandikwa, wanalipa wakivuna au mshahara ukitoka. Madeni ya miezi mitatu yalikuwa mle ndani, na mle ndani ndimo yalimoungulia.

Kwanza nilifanya ujinga. Nilipeleka tangazo usharikani Jumapili: daftari limeungua, kila mwenye deni aje kwa hiari yake. Watu wakaitikia "Amina" iliyotikisa madirisha. Walikuja wanne, na aliyedaiwa nyingi zaidi alikuwa na elfu tano.

Wazo lilinijia nikiwa kwa kinyozi. Tukavumisha kwamba Manka, binti yake aliyeko Dar, alikuwa akitumiwa picha za kurasa kila mwezi, na sasa amezirudisha zote. Uongo huo ni wangu, nitaujibu mwenyewe mbele ya haki. Laini ya simu ya Mama Manka ilikuwa imerudishwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo tukatoa taarifa ya M-Pesa ya miezi 6, tukapata majina ya waliokuwa wakilipa kidogo kidogo. Jioni nikanunua kaunta buku jipya, tupu kabisa. Mama akapiga simu, mimi nikakaa karibu nafunua kurasa kwa kelele.

"Baba Gasper, habari za jioni? Naona hapa kwenye daftari elfu themanini."

"Themanini! Mama Manka, unaniibia mchana! Ni thelathini na mbili, na mia tano ya viberiti!"

Nikafunua kurasa mbili tatu.

"Ehe, macho yangu haya. Kweli, thelathini na mbili na mia tano."

Nikaandika. Jioni nane tulifanya hivyo. Siri ni kutaja deni zaidi ya maradufu: ukitaja pungufu anakubali haraka na kukata simu, ukitaja kubwa anapandisha hasira na kukuhesabia mpaka kibiriti. Mzee mmoja tu alikubali laki moja bila ubishi, tukaogopa, tukamrudia asubuhi tukamwomba radhi. Kumbe kweli ilikuwa laki moja. Tulipata orodha ya karibu milioni mbili, na kabla ya Krismasi zaidi ya nusu ilikuwa imelipwa. Muuza mbao na fundi cherehani nao wakaniazima na kaunta buku langu tupu.

Jambo lililoniudhi kupita yote ni lori la Fuso. Ndugu zetu wa mjini, kwa moyo mzuri, walituma Fuso zima la mchele, unga na sabuni, likagawiwa bure. Wiki tatu Mama Manka akawa anauza vocha za simu tu, maana nani anunue mchele wakati anao wa bure? Niliwaambia safari nyingine walete fedha. Nikachapa vikaratasi vya shilingi 5,000, familia zikawa zinanunulia kwenye vibanda vilivyoungua, mwenye kibanda anakuja kwangu kuchukua fedha. Siku ya tatu kijana mmoja akaniletea kikaratasi, akaomba nakala kumi. Nilishamuuliza kama anataka za rangi ndipo akili ikanirudia. Tangu hapo kila kimoja kikawa na mhuri na sahihi yangu ya kalamu ya kijani.

Desemba, magari ya wanaorudi nyumbani yamejaa Himo hadi pa kupita hakuna, simu yangu ikaita.

"Baba steshenari, habari za kazi? Naona hapa kwenye daftari elfu hamsini."

"Hamsini! Mama Manka, ni kumi na nane tu, na mayai mawili!"

Kimya. Kisha nikasikia kurasa zinafunuliwa.