Toleo la Oktoba 2018

Microsoft ilipotoa toleo 1809 la Windows 10, tarehe 2 Oktoba 2018, bosi wangu alipata habari kabla yangu. Mimi ndiye niliyetunza kompyuta za ofisi, na alipofika mezani kwangu alikuwa ameshaamua: zote zipate toleo jipya wiki hiyohiyo.

Nikamwomba tusubiri. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu. Hofu yake niliielewa. Mwaka uliotangulia tulifuatilia sote jinsi WannaCry, programu ya wadukuzi inayofunga faili na kudai fidia, ilivyozifunga kompyuta za hospitali za Uingereza. Shambulio lile la tarehe 12 Mei 2017 lilipitia tundu la usalama kwenye Windows ambalo kiraka chake, yaani sasisho dogo la kuliziba, kilikuwa kimetoka tangu tarehe 14 Machi.

Lakini kwangu hayo ni mambo mawili tofauti. Kiraka cha usalama huziba tundu ambalo wezi wanaweza kuwa wameshalijua, kwa hiyo kila siku ya kuchelewa ni faida yao. Toleo jipya huleta vitu vipya, na vitu vipya huja na kasoro ambazo hata watengenezaji hawajaziona. Toleo tulilokuwa nalo bado lilikuwa linapata viraka. Haraka ya nini, basi? Alikubali shingo upande, tena hadi Jumatatu tu.

Wiki haijaisha, Microsoft ikalisimamisha. Watu walikuwa wamelisakinisha wakakuta faili zao zimefutika. Baadaye kampuni ilisema taarifa hizo zilihusu asilimia 0.01 tu ya usakinishaji, ikaeleza na chanzo. Waliodhurika walikuwa wamehamisha folda kama ile ya Documents kwenda mahali pengine, mara nyingi diski nyingine, huku baadhi ya faili zikibaki kwenye folda ya zamani. Sasisho liliifuta folda ile ya zamani pamoja na vilivyomo.

Niliposoma maelezo hayo nikaenda moja kwa moja kwa mhasibu. Diski yake ya kwanza ilikuwa ndogo, na folda yake ilishahamishiwa ya pili. Nikaifungua ile ya zamani. Majedwali ya mishahara, ankara, barua za wakaguzi, vyote vilikuwa humo.

"Kaka, mbona umenyamaza?" akaniuliza.

Nikamwonyesha, nikamweleza. Akavuta kiti, tukanakili kila kitu kwenye diski ya nje, naye akihakiki faili mojamoja. Asilimia 0.01! Kwa aliyemo ndani ya hesabu hiyo, kilichopotea ni chote.

Kumbe kazi ngumu ilikuwa bado. Bosi aliposikia, akageuka kabisa: "Basi zima masasisho yote." Nilibishana naye kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, maana hilo lilikuwa hatari zaidi. Nikamrudisha kwenye WannaCry, mfano wake mwenyewe. Mwishowe tukakubaliana: viraka vya usalama viingie mara vinapotoka, na toleo jipya lianzie kwenye kompyuta yangu, tena baada ya kunakili faili.

Toleo lile lilirejeshwa tarehe 13 Novemba. Nikalisakinisha kwangu, nikalitumia kwa kazi zangu zote. Bosi aliponiuliza zamu ya wengine ni lini, mhasibu akanitangulia kujibu: yake isiguswe mpaka afunge hesabu za mwaka. Tukaiandika kwenye kalenda ya Januari.