Macho Temeke, masikio Praia

Hesabu ile tulikuwa tumeipiga mpaka hata wasiopenda mpira mtaani kwetu waliijua. Kundi L la kufuzu Afcon, fainali za Mataifa ya Afrika zilizokuwa zifanyike Misri: Uganda pointi 13, wameshafuzu, hawana shida. Sisi Tanzania 5. Lesotho 5. Cape Verde 4. Kila timu imebakiza mechi moja, na zote zinachezwa Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019, sisi na Uganda Dar es Salaam, Cape Verde na Lesotho mjini Praia. Tukishinda tunafikisha 8. Lakini Lesotho nao wakishinda wanafikisha 8, na hapo wao ndio wanaokwenda Misri, maana walitoka nasi sare ya 1-1 Chamazi mwaka 2017 kisha wakatufunga 1-0 kwao Maseru mwezi Novemba 2018. Kwa hiyo tulitaka mambo mawili. La kwanza lilikuwa miguuni mwa vijana wetu. La pili lilikuwa kisiwani huko, katikati ya bahari ya Atlantiki, na hakuna Mtanzania aliyekuwa na mkono nalo.

Ile ya Maseru ilituuma kuliko zote. Mwezi Oktoba tulikuwa tumepigwa 3-0 Praia, siku nne baadaye tukawafunga Cape Verde hapa nyumbani 2-0, Simon Msuva na Mbwana Samatta wakifunga, na watu wakaanza kuamini. Tungeshinda Maseru tungekuwa tumemaliza kazi siku ile ile. Hatukushinda. Nakumbuka usiku ule hakuna aliyetaka kuzungumza mpira, hata wale wa kijiweni ambao kwa kawaida hawanyamazi. Mjomba wangu peke yake ndiye aliyenipigia simu, akasema, "Bado ipo moja. Uganda wanakuja kwetu. Tafuta tiketi mapema."

Mjomba ni kaka yake mama, na kwake yeye Afcon ilikuwa na anwani moja tu: Ndola. Agosti 1979 alikuwa kijana anayefanya kazi reli, Tabora. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka huo huo, bidhaa dukani hazipatikani, na Taifa Stars wakaenda Ndola kurudiana na Zambia wakiwa na ushindi wa 1-0 walioupata Dar es Salaam. Zambia wakatangulia kufunga. Yeye na wenzake walikuwa wameizunguka redio moja ya betri nje ya bweni la wafanyakazi, sauti inakuja na kupotea, wanaigeuza huku na huku. Halafu Peter Tino akasawazisha. Sare ya 1-1, na Tanzania ikafuzu kwenda Lagos mwaka 1980, wakati fainali zile zilikuwa za nchi nane tu Afrika nzima.

Nilikua nikilisikia goli la Tino kila sikukuu. Mjomba alikuwa akisimama katikati ya sebule, anaonyesha mpira ulivyotoka na ulivyoingia, sauti ya mtangazaji anaiweka kinywani kwake. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipong'amua kwamba goli lenyewe hajawahi kuliona. Hakuna alichokuwa nacho ila ile sauti ya redio, na juu ya sauti hiyo alijenga uwanja mzima.

"Mpwa wangu," aliniambia nilipompelekea tiketi, "ile ya Ndola niliisikia. Hii nataka kuiona."

Miaka 39. Kutoka 1980 mpaka siku ile hatukurudi tena. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, yenye Simba na Yanga zinazojaza uwanja kila zikikutana, na watoto wanaozaliwa na kuzeeka wakishangilia Nigeria, Kamerun, Ghana, nchi za watu. Mimi mwenyewe nililia kwa ajili ya Ghana kwenye Kombe la Dunia la 2010 Asamoah Gyan alipogonga mwamba. Sijutii machozi yale. Ila nilitaka kabla mjomba hajaondoka duniani tulie kwa ajili ya jambo letu.

Tulitoka Mbagala mchana, jua likiwa kali. Daladala ilitushusha Uhasibu kwa sababu mbele hakukuwa na njia, na kuanzia pale tukatembea na umati. Vijana walikuwa wamejipaka rangi za bendera usoni, mama mmoja anauza vitambaa vya kichwa vya kijani na njano, vuvuzela kila upande. Mjomba alikuwa na fimbo yake, shati lililopigwa pasi, na mfukoni redio ndogo. Nikamwuliza ya nini redio na mechi tunakwenda kuitazama. Akaniambia, "Praia utaiona kwa macho?"

Uwanja wa Taifa, ule ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Benjamin Mkapa, unaingiza watu 60,000. Tulikaa mzunguko, juu kidogo nyuma ya kona, na tulipofika tayari nafasi zilikuwa za kubanana. Kuna kitu kinatokea uwanjani pale timu ya taifa inapocheza mechi kubwa: mwekundu wa Simba na wa kijani wa Yanga wanakaa bega kwa bega na hakuna anayemuuliza mwenzake lolote. Kijana wa kulia kwangu alikuwa na jezi ya Yanga. Alimpisha mjomba kiti cha pembeni ili aweze kunyoosha mguu.

Timu ilipotoka kupasha misuli, mjomba alimtafuta kocha kwa macho. Emmanuel Amunike, Mnigeria. "Huyu," akasema, "ndiye aliyewafunga Zambia." Ni kweli: fainali ya mwaka 1994, Tunis, Nigeria 2 Zambia 1, mabao yote mawili ya Nigeria ni yake. Kwa mjomba hilo lilitosha kuwa dalili njema. Zambia walizuiwa Ndola, Zambia walizuiwa Tunis, na sasa mzuiaji wa Tunis amekaa kwenye benchi letu.

Nisiwasahau Uganda. Baada ya mechi ile kulikuwa na maneno, na mpaka leo yapo, kwamba walituachia. Mimi siyakubali, na nitasema kwa nini. Timu ile ilikuwa imecheza mechi tano za kundi bila kuruhusu bao hata moja. Hata moja! Cape Verde mara mbili, Lesotho mara mbili, sisi wenyewe kule Kampala tulitoka 0-0. Mchezaji anayejua kwamba miezi mitatu ijayo kuna fainali za Afrika, na nafasi yake kikosini haina uhakika, haji Dar es Salaam kulala. Dakika za mwanzo walitufukuza kila tulipogusa mpira, na mara mbili moyo wangu ulishuka mpaka miguuni.

Dakika ya 21, Msuva. Nilikuwa nimeinama nikiokota chupa ya maji ya mjomba iliyoanguka, na nilipoinuka Msuva alikuwa ameshaingia ndani, kisha wavu ukatikisika. Sikuusikia mlio wa mtu mmoja mmoja. Zege lilitetemeka chini ya miguu yetu. Kijana wa Yanga alinikumbatia mimi, akamkumbatia mjomba, akamkumbatia na askari aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, naye askari akakubali. Mjomba hakuruka, mguu haumruhusu, lakini alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na kuipigapiga chini, tena na tena, macho hayajatoka uwanjani. Ameona. Lile nililitaka kwa ajili yake lilikuwa limekwisha kutimia, hata kama lolote lingefuata.

Mapumziko, Praia 0-0.

Kipindi cha pili kilitujia haraka mno. Dakika ya 51 penalti, Erasto Nyoni anaweka mpira chini. Watu wengi waligeuka nyuma wasitazame, mimi nilitazama kwa kuwa mjomba alinishika mkono na kuniambia, "Usigeuke." Nyoni akafunga. Hata hatujakaa, dakika ya 57, beki Aggrey Morris akafunga la tatu kwa kichwa. 3-0. Lango ambalo halikuwa limeguswa katika mechi tano lilifunguliwa mara tatu jioni moja.

Na hapo ndipo ilipoanza mechi ngumu kuliko ile.

Sijawahi kuona uwanja unaoongoza 3-0 ukiwa na hofu namna ile. Kwetu kazi ilikuwa imekwisha, na zaidi ya nusu saa ilibaki. Hakuna bao la nne ambalo lingetusaidia. Samatta angefunga kumi tusingepata pointi ya tisa. Kila kitu sasa kilikuwa Praia, kwenye uwanja ambao hatukuuona, kati ya timu mbili ambazo kila moja kwa wakati wake ilikuwa imetutoa machozi. Bao moja tu la Lesotho, la kona, la kujifunga, la namna yoyote, na sisi tungerudi nyumbani na mabao matatu yasiyo na faida.

Simu zilitoka mifukoni. Watu maelfu kwa maelfu wakatafuta matokeo kwa wakati mmoja, na intaneti ikakataa. Kiduara kinazunguka, kinazunguka. Jamaa mmoja mbele yetu alikuwa na ndugu yake nje ya nchi anayemwandikia ujumbe, na akageuka kuwa mtu muhimu kuliko refa. Kila simu yake ilipotoa mlio, safu tatu zilimwinamia. "Bado bila bila." Tunashusha pumzi. Mpira wetu unaendelea pale chini, taa zimewashwa, vijana wanapasiana, na nusu ya jukwaa imewapa kisogo.

Mjomba alitoa redio yake. Akaifungua, akaiweka sikioni, akafumba macho.

Nikamtazama. Mtu aliyengoja miaka yote ile aione kwa macho, mechi ipo mbele yake, taa zinawaka, timu inaongoza, naye amefumba macho anasikiliza. Sura yake ilikuwa imebadilika. Midomo ilikuwa ikicheza, kama anarudia anachokisikia. Nadhani niliiona Tabora siku ile, bweni lile la reli, bila kuhadithiwa.

Kama dakika ya 75 hivi uvumi ukapita. Ulianzia upande wa kushoto, ukatujia safu kwa safu: Lesotho wamefunga. Mama aliyekuwa nyuma yangu akaanza kulia kwa sauti. Kijana wa Yanga akaketi chini kabisa, kichwa kati ya magoti. Mimi nilihisi ulimi umekauka. Mjomba akainua kidole kimoja, macho bado amefumba, na watu waliokuwa karibu wakanyamaza wakimngoja yeye. Sekunde zikapita. Kisha akatikisa kidole kushoto na kulia. "Hakuna. Bila bila." Na neno lile likarudi kule lilikotoka, safu kwa safu, mama akaacha kulia, akanipigapiga mgongo kama mimi ndiye niliyekuwa Praia nikizuia.

Tangu hapo jukwaa letu lilimfuata yeye. Kila baada ya muda mtu anauliza, "Mzee, vipi?" Anajibu, "Bila bila." Sijui kama wachezaji walijua. Filimbi ya mwisho ikapigwa, Tanzania 3 Uganda 0, wengine wakaanza kuruka, benchi likaingia uwanjani, na mjomba bado ameketi na redio sikioni. Hakutaka kuinuka mpaka asikie imetamkwa kwamba Praia imekwisha. Niliketi naye. Kijana wa Yanga naye aliketi. Halafu mjomba akafumbua macho, akaizima redio, akaitia mfukoni, akasema kwa utulivu kama anayetaja saa ya treni, "Imekwisha bila bila. Tumepita."

Ndipo akalia. Mimi nililia zaidi yake.

Wiki ile ilikuwa ya ukanda wetu. Siku moja kabla, Burundi walitoka sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura wakafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kenya na Uganda walikuwa wameshapita. Nchi nne za Afrika Mashariki katika fainali moja. Najua yaliyotukuta Misri, kwamba Senegal walitufunga 2-0, Kenya 3-2 baada ya sisi kuongoza mara mbili, na Algeria 3-0. Ile ya Kenya nilihuzunika nayo siku nyingi. Lakini watu wanaponiambia tulikwenda kufungwa tu, nawajibu kwamba anayeingia ndiye anayefungwa, na sisi tulikuwa nje tangu kabla mimi sijazaliwa.

Usiku ule hatukupata gari. Tulitembea taratibu kwa ajili ya mguu wa mjomba, kupita Mtoni, Kwa Aziz Ali, bajaji na bodaboda zinapiga honi mfululizo, watu wamekaa juu ya mabasi, wauza mihogo wanagawa bure waliyobakiza. Nilitarajia atanihadithia Ndola tena. Hakuitaja hata mara moja. Alikuwa na maswali ya mambo yajayo: Amunike atamwita nani wa kumsaidia Samatta mbele, Misri mwezi wa sita joto lake likoje, nauli ya ndege ni kiasi gani, na viza.

Tulipofika Mbagala alisimama chini ya taa ya duka, akanigeukia.

"Sasa," akasema, "droo lini?"