Udongo ndani ya udongo: ninavyofukua kuta na vizito vya mfumi vya Wafilisti

Aliyezoea magofu ya matumbawe ya Kilwa au Gedi akishuka kwenye shimo letu hudhani hakuna kitu. Wafilisti walijenga kwa matofali mabichi, na nyumba ilipobomoka tofali likarudi kuwa udongo uleule ulioizunguka. Nasimamia mraba mmoja Tell es-Safi, nchini Israeli, ndiyo Gathi ya kwenye Biblia, mji wa Wafilisti, ambako Aren Maeir wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan alianzisha uchimbaji mwaka 1996. Hivi ndivyo ninavyohakikisha ukuta haukatwi na sururu kabla haujaonekana.

Mraba una mita 5 kwa 5. Pembeni tunaacha nusu mita bila kuchimba ili tabaka zisomeke ubavuni, kwa hiyo kazi inabaki ndani ya mita 4 kwa 4. Tukishusha sentimita 5 hadi 10 kwa sururu ndogo, nasimamisha watu wote. Alfajiri inayofuata, kabla jua halijapiga, tunakwangua eneo zima kwa mwiko wa mwashi ulionolewa kwa tupa, kila mmoja akirudi kinyumenyume asikanyage alipokwisha kusafisha. Kisha napulizia maji kwa bomba la mgongoni kama la kupulizia mazao, lakini jipya, ambalo halijawahi kutiwa dawa. Ukungu mwembamba unatosha. Tofali na udongo wa kuunganishia havikauki kwa pamoja, hivyo kwa dakika chache viungo hujitokeza kama mistari. Hapohapo nachora kwa ncha ya mwiko na kupiga picha, maana jua likipanda kila kitu huwa kijivu kimoja. Maji yakizidi, tope huziba uso wote. Hapo hakuna dawa ila kuacha pakauke na kukwangua upya.

Mistari peke yake haithibitishi ukuta. Tofali zilizosimama zina viungo vinavyopishana safu kwa safu; zilizoanguka zimelala hovyo, na katikati yake kuna mkaa, vigae vya vyungu na nafasi tupu. Tabaka la mwishoni mwa karne ya 9 KK, mfalme Hazaeli wa Shamu alipouteketeza mji, ni rahisi zaidi kusoma kwa sababu moto uliyachoma matofali yakawa mekundu. Tabaka za karne ya 12 na 11 KK ndizo zinazotaka subira.

Kinachopotea kirahisi kuliko ukuta ni vizito vya mfumi, yaani vya kuning'iniza kwenye nyuzi ili zikazike wakati wa kufuma nguo. Wakanaani walitoboa tundu katika vizito vyao. Vya Wafilisti ni vipande vya mviringo vya udongo mbichi, mara nyingi vimebinywa kiunoni, havina tundu. Uzi wa mtande, ule wa wima, ulizungushiwa hapo kiunoni. Ashkeloni, mji mwingine wa Wafilisti, vimepatikana zaidi ya 150, vingine vikiwa vimejipanga sakafuni. Mtu asiyevijua huvitupa akidhani ni madonge. Chekeche la milimita 5, ambalo kwa kawaida ndilo mlinzi wetu, hapa ni adui: ukilitikisa, udongo ambao haukuchomwa unakuwa vumbi. Kwa hiyo sentimita 5 za mwisho juu ya sakafu huchimbwa kwa vijiti vya mianzi na brashi laini, na kila donge huangaliwa kabla ya kuingia kwenye ndoo.

Kizito kikionekana sikivuti. Nakitandia kivuli, nachimba pembeni hadi kibaki juu ya kiguzo cha udongo, nakiacha kikauke taratibu. Jua kali hukipasua. Sampuli ya udongo wa chini yake huchukuliwa kwanza, kwa ajili ya nyuzi na mabaki ya mimea. Gundi ya kuimarisha kizito ikishamwagika, sampuli hiyo haifai tena. Ndipo natonesha gundi hiyo, Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, asilimia 3 hadi 5, tone baada ya tone. Kizito kikiwa bado na unyevu, gundi hugeuka nyeupe na kufanya ngozi juu, nayo hubanduka pamoja na uso. Kama hakuna muda wa kukausha, nakifunika kwa karatasi ya alumini, nazungushia bandeji za plasta, napitisha ubao chini na kukinyanyua pamoja na udongo wake. Vichache huachwa bila gundi kabisa, kwa ajili ya maabara.

Kazi yote hiyo ni halali yake. Vizito vya aina hii vinajulikana Kupro na visiwa vya Ugiriki, na vilionyesha walikotoka Wafilisti miaka mingi kabla ya utafiti wa DNA ya Ashkeloni wa mwaka 2019 kukuta asili ya Ulaya kusini kwa watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu.

Vigae vina utaratibu mfupi. Kila kimoja huchovywa majini na kukaguliwa pande zote kabla ya brashi, kwani wino hufutika kwa msuguo mmoja. Kigae cha Gathi cha mwaka 2005, chenye majina mawili yanayofanana kiasili na Goliathi, kilichorwa kwa ncha kali, hivyo maandishi yake hayakuwa hatarini kwa maji. Vyenye rangi nyekundu na nyeusi juu ya weupe visilowekwe: weupe huo hubanduka. Vianikwe kivulini, lebo ya ndoo ikiwa juu ya trei ileile.