Kuvua mabaka shotigani ya bamdogo: kitako cha mninga mpaka hapa tulipofika

Niseme mapema kabla hamjanirukia, bunduki sio yangu. Ni shotigani ya bamdogo, anaishi Kahe, huku Moshi vijijini, kibali kina jina lake na kibali cha silaha ni cha mtu sio cha ukoo, kwahiyo kuibeba niilete kwenye karakana yangu hapa Pasua hiyo haipo. Nilichopanda nacho daladala ni kitako cha plastiki na mkono wa pampu tu, kile kishikio cha mbele unachokivuta kuingiza risasi, alivifungua mwenyewe mezani kwake na risasi zimefungiwa chumba kingine. Mimi ni fundi fanicha, najua vitanda na makabati, haya mambo ya vitako vya bunduki nimeanza kuyaelewa mwezi wa pili na bado najifunza.

Yenyewe ni pampu ya geji 12 (ndo kipimo cha upana wa mtutu), ya Kituruki, ilitoka kiwandani imevaa mabaka kuanzia kitako mpaka mdomo wa mtutu. Na sio yale mabaka ya kijani na kahawia tuliyozoea, ni picha kabisa, majani makavu, vijiti, magome ya mti. Mtindo huu ulishika sana kule Marekani kuanzia 1986, mwaka ambao kampuni za mabaka Mossy Oak na Realtree zote mbili zilianzishwa, kwa ajili ya wawindaji wa misitu yao ya mialoni. Sasa nambie Kahe mwaloni uko wapi? Kahe kuna migunga, migomba na vumbi. Ukiiegemeza ile bunduki kwenye mgunga inaonekana kuliko ingekuwa nyekundu.

Ila kilichomchosha bamdogo sio kuonekana, ni maswali. Huku kwetu kitu chochote chenye mabaka watu wanasema cha jeshi, na tangu ile Agosti 2023 jeshi lilipotoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na sare zake ndo imekuwa balaa, kila akitoka nayo usiku kwenda kulinda mahindi nguruwe pori wasimalize lazima atokee mtu, mzee hii umeitoa wapi. Anaonyesha kibali, yanaisha, wiki ijayo tena. Akanipigia simu. "Mwanangu, wewe si fundi mbao? Nivulie hili gwanda."

Halafu lilikuwa linabanduka. Pale anaposhika mkono wa kulia na pale anapoweka shavu kulikuwa kunanata kama pipi iliyonyonywa, picha imetoka vipande. Mi nikajua ni ubovu wa kiwanda mpaka nilipoona kichupa cha dawa ya mbu ya kujipaka dirishani kwake. Kahe mbu ni wengi aisee, mzee anajipaka mikono na uso kisha anashika bunduki usiku mzima. Ile dawa ina DEET, kemikali ya kufukuza mbu, na DEET inalainisha plastiki na rangi za aina nyingi, jaribu kuishika saa ya plastiki ukiwa umejipaka utaona. Nikamwambia bamdogo adui wa bunduki yako ni wewe, akacheka ila hajaacha kujipaka na simlaumu.

Kwa asiyejua, haya mabaka hayapakwi kwa brashi. Kuna karatasi laini kama nailoni imechapwa ile picha, inaelezwa juu ya maji kwenye tanki, inapuliziwa dawa, karatasi inayeyuka wino unabaki unaelea, halafu kitu kinazamishwa taratibu na maji yanaubandika wino kila kona. Juu inapigwa vanishi. Ni ujanja mzuri kwa kweli, nimekaa nikitafuta sehemu picha ilipoungana na sijaiona.

Wazo la kwanza lilikuwa kuvua tu hiyo picha na kupiga rangi moja. Nikajaribu thina ile kali kwenye kona ya ndani ya kitako, dakika tatu picha ikatoka, ya nne plastiki yenyewe ikaanza kulainika na kitambaa kikaacha alama za nyuzi. Basi. Nikasema mi fundi mbao bana nahangaika na plastiki ya nini, nichonge kipya.

Mbao. Wenzetu vitako wanachonga kwa wolnati, huku hatuna. Jirani yangu akasema mpingo, nikamwambia kaka mpingo unazama kwenye maji, bamdogo ana miaka sitini na nne unataka abebe nguzo? Mninga ndo wenyewe. Sio mzito sana, unachongeka, na kubwa kuliko yote ukishakauka hautembei, hausinyai ovyo ovyo wala kujipinda, na ndo maana milango ya mninga ya babu zetu bado inafunga. Nilikuwa na kipande cha nchi mbili kilichobaki kwenye kitanda cha mteja. Vaa barakoa lakini, vumbi la mninga linawasha pua na kifua, siku ya kwanza sikuvaa nikapiga chafya mpaka mke wangu akauliza kama nimekula pilipili.

Kitako cha kwanza nilikichonga siku mbili na kikafa ndani ya dakika moja. Nilikichora juu ya ubao kwa kufuata kile cha plastiki, nikakata na jigsoo, nikapiga randa na tupa, kikatoka kizuri nikakipiga na picha. Kosa lilikuwa kwenye shingo, pale pembamba unaposhika kwa mkono karibu na triga. Nilipanga ubao nipate michirizi mizuri ubavuni, sikuangalia nyuzi zinapita vipi shingoni, kumbe zilikuwa zinakatiza kwa mshazari. Kitanda hakijali hilo maana mguu wa kitanda unasimama tu. Kitako cha shotigani kinasukumwa. Tumefika Kahe, bamdogo ameshika bodi ya bunduki, lile boksi la katikati lenye mitambo, mi naingiza ile bolti ndefu inayopita katikati ya kitako, nakaza, tuk. Sio kelele kubwa. Mstari ukafunguka shingoni kidole kinaingia. Bamdogo akaniangalia, akasema afadhali imepasuka hapa kuliko shavuni kwangu. Akaenda kunipikia chai.

Cha pili nimechora na nyuzi zinakwenda moja kwa moja shingoni, michirizi ya ubavuni imekuwa ya kawaida tu na sasa naona ndo uzuri wenyewe. Tundu la bolti lilinitoa jasho. Ni refu kuliko biti yoyote niliyonayo, nikaazima biti ya fundi umeme ile ya kutobolea kuta, ikanigomea, inayumba, nikatobolea kwanza kwenye kipande cha mkaratusi kujifunza, mara tatu, ndo nikagusa mninga. Nikatoboa kutokea upande wa bega kwa tundu pana, kisha jembamba kutokea mbele, yakakutana. Yamepishana milimita mbili hivi, bolti inapita, sisemi zaidi.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndo nataka mnielewe kama kuna anayefikiria kujaribu. Umbo la nje la kitako mtu yeyote mwenye tupa analiweza. Kazi ni pale mbao inapokutana na chuma. Bunduki ikilia bodi inarudi nyuma inagonga mbao, na kama imegusa sehemu moja tu ndogo basi nguvu yote inaingia hapo kama shoka kwenye gogo, inapasua. Inatakiwa iguse kote sawasawa. Unafanyaje, unapaka masizi ya kibatari yaliyochanganywa na mafuta kidogo kwenye chuma, unabana mbao, unatoa, palipo na weusi ndo panagusa, unakwangua hapo kidogo tu na patasi, unarudia. Tena na tena. Fundi wa kawaida anafanya hivyo bunduki ikiwa kwenye vaisi lake. Mi bunduki iko Kahe.

Kwahiyo Jumamosi nne nimekwenda Kahe na kitako kwenye mfuko wa sandarusi, patasi mbili na kibatari. Bamdogo anatoa bodi, anakagua chemba, pale risasi inapokaa, mbele yangu kila mara hata kama ameikagua dakika mbili zilizopita, anaishika yeye, mi nakwangua. Jumamosi ya pili jioni nilikuwa na madoa matano meusi, nikafurahi, ya tatu nikakwangua kwa pupa nikarudi kwenye mawili. Ya nne ndo weusi ukatandaa kama uji kwenye sahani. Kwenye daladala kondakta aliuliza nimebeba nini, nikasema mguu wa kiti, na kwa kweli nisingejua ningemjibu nini kingine.

Urefu nao tulibishana. Vitako vingi vya dukani kutoka triga mpaka mwisho wa mpira wa bega ni kama nchi 14, bamdogo ni mfupi, na usiku anavaa koti zito la mitumba la soko la Memoriali, kwahiyo akiinua inanasa kwapani. Ile njia ya wazee ya kukunja kiwiko ukaweka kitako kwenye kunjo na kuona kidole kinafika wapi ilinipa 14 kamili, na ni uongo mtupu kwa sababu haihesabu koti wala shingo yake. Nikamwambia avae koti, afumbe macho, ainue mara kumi. Tukaishia 13 na robo. Uzuri wa mbao ni huo, plastiki utaikata uione tupu ndani.

Chuma sikugusa. Bamdogo mwenyewe alipeleka Arusha kwa fundi mwenye leseni yake, na nilijifunza kitu maana mi nilidhani wataichovya yote kwenye ile dawa ya moto ya kuipa chuma weusi wa bluu. Mtutu ndio, ni chuma. Bodi ni aluminiamu, na ile dawa ina kostiki soda ndani yake na kostiki inakula aluminiamu, ungeitoa na mapovu. Kwahiyo mtutu umepigwa weusi wa dawa na bodi imepigwa rangi nyeusi ya kuoka. Weusi wawili haufanani kabisa ukiangalia juani. Bamdogo hajaona na msimwambie.

Mafuta. Nimetumia linsidi, yale ya mbegu za kitani, nyembamba nyembamba, nafuta kwa kitambaa, nasubiri siku, napiga tena. Kabla ya hapo nililowanisha mbao na maji makusudi manyoya yasimame, nikapiga msasa namba 320, mara tatu. Koti la tano mninga ukaanza kung'aa rangi ile ya asali ya nyuki wadogo. Ila jamani vitambaa. Linsidi haikauki kama maji, inashika hewa na inatoa joto, nilikunja vitambaa vitatu nikavitupa kwenye ndoo ya maranda nikaenda kula. Kurudi nasikia harufu kama ya chapati inayoungua. Nikaingiza mkono, cha katikati kilikuwa cha moto kweli kweli, bado moshi tu. Ndoo ilikuwa chini ya meza yenye kopo la thina. Siku hizi naning'iniza kimoja kimoja kwenye waya nje, watoto wa jirani wanadhani ni bendera.

Kitako kimefungwa wiki iliyopita. Bamdogo alikwenda nayo porini na mwenzake, akarudi kanipigia, risasi sita, nikauliza shingo vipi, akasema shingo yangu au ya bunduki. Nimekwenda kuangalia kwa tochi na kioo cha kukuzia, hakuna ufa, weusi wa masizi niliouacha makusudi umegandamizwa sawa pande zote.

Bado mkono wa pampu. Mninga uliisha, na kile kipande kinatakiwa kutobolewa tundu pana kinene kwa urefu wote na kuta zibaki nyembamba, sina biti hiyo na aliyeniazima ile ya kwanza hapokei simu yangu. Kwahiyo sa hivi bunduki ina kitako cha asali, bodi nyeusi, mtutu mweusi wa namna nyingine, na katikati pale mbele majani ya mwaloni ya Marekani yamebaki kama soksi moja. Bamdogo kalifunika hilo gwanda na kipande cha ngozi ya mbuzi akashona. Nikimwambia nakuja kulitoa anasema hapana, asubuhi kuna baridi, acha.