Mombasa ya Upande wa Matope

Mombasa iliyonikaa moyoni inanuka tope. Fukwe za Nyali na Diani zina wasifiaji wa kutosha, mimi niacheni nisimulie hori la Tudor, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu.

Nilitoka Morogoro kwa basi nikapitia Tanga hadi Horohoro. Mpakani kijana mmoja wa kubadilisha fedha alinipunja. Kiwango alichonitajia sicho alichonihesabia, na basi lilikuwa linapiga honi, abiria wananiita. Iliniuma njia nzima. Likoni, kwenye feri ya kuvukia kisiwani, nikapoa kidogo, maana pale mtembea kwa miguu anavuka bure, ilhali feri ya Kigamboni, Dar es Salaam, tunatoa shilingi 200. Ila msongamano wake si mchezo: unaingia kwa kusukumwa, unatoka kwa kusukumwa, na mkoba unaukumbatia kifuani.

Gesti niliyofikia Mji wa Kale ilikuwa ghali kuliko nilivyotarajia, na feni ilikuwa ikizungusha joto lilelile usiku kucha. Chumba chenyewe kirefu na chembamba, kitanda kimekula upana karibu wote. Asubuhi nikamlalamikia mwenye nyumba. Mzee yule hakukasirika. Alinyoosha kidole darini, kwenye miti myeusi iliyopangwa ukuta kwa ukuta.

“Hizo ni boriti za mikoko, mwanangu. Chumba hufuata urefu wa boriti. Upana zaidi ya huo, dari ingekaa juu ya nini?”

Tangu hapo sikuweza kuingia nyumba ya zamani bila kutazama juu. Hata Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe, niliizunguka jua likiniunguza huku nikiwaza miti ya mji ule ilitoka wapi. Mzee akanielekeza Jomvu Kuu, ng'ambo ya kisiwa, kando ya hori la Tudor. Dereva wa tuktuk alisikia lafudhi yangu tu, nauli ikapanda.

Kina mama wa Jomvu Kuu wana daraja la mbao linaloingia katikati ya mikoko. Nilipokelewa na mama mmoja aliyejifunga leso kiunoni, miguu imepakaa tope hadi magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatazama viatu vyangu.

“Vua hivyo, mwanangu. Maji yamekupwa, tushuke.”

Tope lilinimeza hadi kwenye mashavu ya miguu, linanuka kama yai viza. Kila pahali kaa wadogo, madume wakiwa na gando moja kubwa wanalolipunga, wanazama mashimoni ukiwasogelea. Mama akanionyesha kwa kidole mchu, aina mojawapo ya mikoko. Mizizi yake ilikuwa imetoka ardhini na kusimama wima, mamia, haifiki goti.

“Hapa ndipo unapovutia pumzi. Mchanga ukiifunika, mti unakufa umesimama.”

Akanieleza kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukaizika mizizi, na mikoko mingi ikakauka. Iliyosalia watu wakaikata kuni. Samaki wachanga na kamba hujificha humo mizizini, kwa hiyo miti ilipopungua, wavuvi wakaanza kurudi na nyavu nyepesi. Alikuwa akisema haya huku akiokota chupa za plastiki zilizoletwa na maji kutoka mjini, akizitia kwenye gunia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, lakini chupa bado zinakuja kila maji yanapojaa. Iliniudhi sana kuona hivyo, mji mzima kuwatupia wanawake wale taka zake.

Kisha akanitia mkononi mbegu ya mkoko, ndefu, ya kijani, ncha yake imechongoka. Mbegu ile huota ikiwa bado inaning'inia juu ya mti, ikianguka iko tayari kushika ardhi. Nikaichomeka. Akainama, akaichomoa kidogo, akaisimamisha sawa.

“Umeizamisha. Iache ione jua. Mwezi ujao nitapita kuiangalia, ikiwa imekufa nitatia nyingine.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha nyumbani kimawazo. Kwetu Morogoro, Milima ya Uluguru ndiyo inayolisha mto Ruvu, na Dar es Salaam inakunywa humo. Kila mwaka tunapanda miche kwa ngoma na hotuba, picha zinapigwa, halafu kiangazi kinakuja na hakuna wa kupita kuiangalia. Magunia ya mkaa yanaendelea kushuka kwa baiskeli. Mama yule hana hotuba. Anaujua kila mche alipouchomeka na nani aliuchomeka.

Tulipopanda juu walinipakulia wali wa nazi na kaa aliyepikwa kwa tui zito, ukwaju na pilipili. Nilihangaika na gando moja hadi mama akalivunja kwa mchi na kunirudishia sahani. Ndicho chakula pekee katika safari nzima ambacho sikuona bei yake kubwa.

Ukienda, uliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi, maana yakijaa utaishia kutazama kutoka darajani. Nauli ya tuktuk mpatane kabla hujapanda. Na kina mama ukiwakuta wanapanda, omba mbegu.